Ripoti ya wiki ya kwanza ya misheni ya nje: isomwe ibadani au isubiri?

Mleta Mada
Bwana Yesu asifiwe. Timu za misheni ya muda mfupi, zile za siku 7 hadi 14, zikishatua nchi ya watu hazimalizi siku tatu kabla ya kutuma ripoti: "ni maskini lakini wana furaha", "watoto wametukumbatia", "wengi wameokoka". Inasomwa ibadani na sadaka inachangwa papo hapo. Naona isubiri miezi 3, tena iwe na saini ya mchungaji mwenyeji. Siku tatu za kwanza mgeni usingizi haujakaa sawa, nchi anaionea dirishani, na kila kitu anakisikia kwa mkalimani ambaye nusu ya muda anahubiri ya kwake. Mnasemaje?

Kipaza Sauti
"Anahubiri ya kwake"? Mleta mada, heshima kidogo. Mkalimani anapandishwa madhabahuni bila muhtasari, bila mistari, halafu mhubiri anamwaga sentensi nne kwa pumzi moja na kichekesho cha mchezo ambao wenyeji hawajawahi kuuona. Utaratibu unajulikana: muhtasari na mistari ya Biblia apewe jioni iliyotangulia, asomee Biblia ya wenyeji badala ya kutafsiri kichwani, sentensi moja au mbili kisha mhubiri anyamaze, tarakimu na majina viandikwe kwenye karatasi. Na mhubiri ajue kwamba dakika 40 za mimbari kwake ni 20. Asiyelijua hilo akifika dakika ya 30 anaanza kukimbia, na hapo ndipo maneno yanadondoka. Mnamlaumu nani?

Mzee wa Baraza
Hakuna aliyekutukana, mtumishi. Lakini ule mwito wa kumpokea Yesu unafikishwaje? "Wageni wetu wametoka mbali, inueni mikono." Basi mikono inainuliwa kwa adabu. Mwezi ujao inakuja timu nyingine, uwanja uleule, mikono ileile, inahesabiwa upya.

Kipaza Sauti
Kuhesabu mikono si kazi ya mkalimani! Aliyeinua mkono aandikwe jina, anapokaa, na nani wa kanisa mwenyeji atamtembelea ndani ya wiki. Orodha ibaki kwa mchungaji wa pale. Timu ikiondoka nayo kwenye begi, hao watu wamepotea.

Ndugu Barua
Tusimsahihishe Bwana. Luka 10, wale sabini walirudi kwa furaha wakatoa ripoti yao, wala hakuna mahali walipoambiwa wasubiri miezi 3.

Binti Sayuni
Soma na mstari wa 20, ndugu yangu. Aliwaambia wasilifurahie hilo walilokuja nalo.
Mimi kilichonichoma ni "maskini lakini wana furaha". Mgeni akija watu wanacheka, ndio ukarimu. Watoto wametolewa darasani waje kuimba, unawaona wanaruka, unaandika furaha. Mbona hamuandiki hivyo mkipokea wageni nyumbani kwenu? Na picha zao: mzazi aulizwe kwanza, na jina la mtoto lisiwekwe pamoja na la shule yake.

Fundi Zege
Tuache furaha. Picha ya kwanza kutumwa ni vijana na koleo, wanajenga darasa. Sasa sikilizeni. Zege la nguzo wengi huchanganya 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, na mchanga mbichi ukiwepo yapungue. Vijana wasiozoea wakichoka kugeuza wanaongeza ndoo ili koleo liteleze. Maji yale ya ziada yakikauka yanaacha vitundu ndani, nguzo inaonekana nzuri lakini haina nguvu. Halafu zege linamwagiliwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Timu ikimwaga siku ya 8 na kupanda ndege siku ya 10, nani anamwagilia? Zege lenyewe linasubiri siku 28, nyie ripoti mnatuma siku ya 3!

Ndugu Barua
Kwa hiyo vijana wakakae tu? Utawavunja moyo.

Fundi Zege
Wabebe kokoto na maji. Kipimo akishike fundi wa pale, tena alipwe.

Nesi Mstaafu
Afadhali zege, ufa unauona. Zile kambi za matibabu ndizo balaa. Miongozo ya WHO inataka dawa za msaada zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda wake, na maandishi yake yasomeke kwa wahudumu wa nchi ile. Watu wanabeba mabaki ya kabatini. Mgonjwa wa presha anapewa vidonge vya wiki mbili, vikiisha presha inarudi palepale, na cheti hana. Dawa ya minyoo, albendazole miligramu 400, ni dozi moja, na mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hapewi. Nani aliuliza kwenye foleni ile? Nendeni na barua ya mganga mkuu wa wilaya, daftari libaki zahanati.

Mzee wa Baraza
Ndiyo maana yule mchungaji Gatu wa Kenya alisema wamishenari warudi kwao. Lusaka, mwaka 1974.

Mleta Mada
Mzee, umechanganya. John Gatu alisema 1971, Milwaukee, Marekani: wamishenari na fedha kutoka nje visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Lusaka 1974 ni mkutano wa makanisa ya Afrika, AACC, ulipouunga mkono wito huo. Ila tunatoka nje ya mada, niliuliza ripoti.

Mzee wa Baraza
Mwaka si hoja. Hoja ni kwamba alisema.

Binti Sayuni
Na viza je? Wangapi wanaingia kwa ya utalii wakahubiri uwanjani? Nchi nyingi haziruhusu, na timu ikisharudi kwao anayeitwa ofisini ni mwenyeji.

Kipaza Sauti
Hamjanijibu la mkalimani. Maikrofoni ziwe mbili, siyo kunyang'anyana moja. Wawe wawili wapokezane kila nusu saa. Na malipo yake yawe kwenye bajeti kabla ya fulana za timu.

Ndugu Barua
Fulana zimekukosea nini tena?