Mjadala: Vita dhidi ya ugaidi, kazi inakwisha lini?

Mwenzangu aliyetangulia anashikilia kwamba usalama wa raia hauna bei, na kwamba anayehoji gharama za kampeni za kijeshi anawapa magaidi nafasi ya kupumua. Nakubaliana naye kwamba zipo hali ambazo silaha haiepukiki. Kundi la Dola la Kiislamu lilipouteka mji wa Mosul, nchini Iraq, mwezi Juni 2014, likawatoza watu kodi na kuwauza wanawake wa Kiyazidi kama bidhaa, sioni ni mazungumzo gani yangelitoa mjini humo. Ninachopinga ni sehemu ya pili ya hoja yake, kwa sababu gharama haiwezi kuitwa kubwa wala ndogo mpaka kwanza tuambiwe inalipiwa nini.

Tuitazame Mali. Januari 2013 Ufaransa ilipeleka majeshi katika operesheni iliyoitwa Serval, ikiwa na kazi inayoeleweka: kuyazuia makundi yenye silaha yaliyokuwa yakishuka kusini na kuikomboa miji yaliyoiteka. Kabla mwezi haujaisha, Gao na Timbuktu zilikuwa zimekombolewa. Agosti 2014 nafasi yake ikachukuliwa na Barkhane, iliyotandazwa katika nchi 5 za Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, na lengo likawa kupambana na ugaidi, jambo ambalo halina mpaka kwenye ramani wala siku ya kukamilika. Makamanda wa makundi hayo wakawa wanauawa mmoja baada ya mwingine, na kila kifo kikatangazwa kuwa ushindi, huku mashambulizi yakisambaa Burkina Faso na Niger. Agosti 2022 Wafaransa wa mwisho waliondoka Mali wakiwa hawatakiwi tena, katika nchi ambayo mwaka 2013 watu walijipanga barabarani kuwapungia bendera.

Najua nitajibiwa kwamba kilichoikwamisha Barkhane ni mapinduzi ya Bamako, mji mkuu wa Mali. Yalichangia, sikatai, ila mapinduzi ya kwanza kati ya hayo yalitokea Agosti 2020, operesheni ikiwa na umri wa miaka 6 na vurugu zikiwa zimeshavuka mipaka.

Afghanistan ni kisa hicho hicho, kirefu zaidi. Osama bin Laden aliuawa Mei 2011, tena nchini Pakistan, lakini majeshi ya Marekani yalikaa Afghanistan miaka mingine 10, na Taliban wakaingia Kabul kabla askari wa mwisho hajapanda ndege. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wamekadiria kuwa vita vyote vya Marekani vilivyofuata mashambulizi ya Septemba 2001 vitagharimu takriban dola trilioni 8, zikiwemo riba za mikopo na matunzo ya askari waliopigana kwa miongo ijayo. Maana yake ni kwamba wapo walipa kodi ambao hawajazaliwa na tayari wanadaiwa.

Hata hivyo, gharama inayonisumbua zaidi haimo katika hesabu hiyo. Tarehe 29 Agosti 2021 ndege ya Marekani isiyo na rubani ililifuatilia gari jeupe mjini Kabul kwa saa kadhaa, kisha ikalirushia kombora likiwa limeingia uani, kwa kudhaniwa kuwa vitu vilivyoonekana vikipakiwa ndani yake ni vilipuzi. Uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha kuwa ni madumu ya maji. Walikufa raia 10, watoto 7 miongoni mwao, na dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Jeshi lililosema kwanza kwamba limezuia hatari lilikiri kosa baada ya wiki 3 hivi, na hakuna aliyeadhibiwa. Sidhani kama jirani aliyeokota vipande vya gari lile atawahi kushawishika kwamba vita hivyo vilikuwa vya kumlinda yeye.

Kwa hiyo namwomba mwenzangu, kabla hatujarudi kwenye fedha, achague kampeni yoyote anayoitetea leo, kisha ataje jambo moja ambalo likitimia yeye mwenyewe atakubali kwamba askari warudi kambini.