Huyu "mtaalamu" wa santuri wa kijiweni kwetu leo amenivunjia heshima, sikubali

Wakuu, habari za usiku. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "Zilipendwa tupia hapa". Huu ni wa mashtaka.

Jina simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya pama. Yule ambaye hata ukicheza wimbo uliotoka jana atakwambia "mimi hii niliisikiliza hujazaliwa". Ana santuri za kujaza kontena na hajawahi kumwazima binadamu hata jalada tupu.

Leo jioni tumekaa, mishikaki inaiva, nimekwenda na santuri yangu mwenyewe, albamu ya Surf's Up ya The Beach Boys, 1971, ile bendi ya Wamarekani ambayo mtunzi wake mkuu ni Brian Wilson. Nimeitafuta hiyo hadi nikagombana na ndugu. Tumefika wimbo wa 'Til I Die. Watu kimya. Hata mchoma mishikaki ameacha kupepea moto. Ghafla bwana huyu anainuka, vidole vinang'aa mafuta ya nyama, ANAINUA SINDANO. Katikati ya wimbo! Halafu anageuka anasema kwa sauti ya mhubiri: "Huyu Brian Wilson tangu 1967 alikuwa kalala, bendi iliendeshwa na wenzake. Mdogo wangu, ngoja nikuonyeshe Brian mwenyewe."

Akaweka nini? Kokomo.

KOKOMO wakuu. Ya bendi hiyo hiyo, 1988. Wimbo ambao Brian HAYUMO. Hakuutunga, hakuuimba, hakutikisa hata manyanga. Kaondoa wimbo ambao Brian kautunga peke yake, maneno na muziki, kaweka ambao hata studio siku hiyo hakutia mguu, na huo ndio ushahidi wake. Na watu wakapiga makofi! Kuna mmoja alicheza!

Sawa, jamaa alikuwa mtu wa kujifungia, nani kabisha? Desemba 1964 alipata kiwewe kwenye ndege ya kwenda Houston, akaacha ziara. Wenzake wakiwa Japani wanapungia mikono mashabiki, yeye yuko Los Angeles anaipika albamu ya Pet Sounds, wao wakarudi kuweka sauti tu. Huko ndiko kulala? Albamu ya Smile ilipomshinda kuimaliza 1967 ndiyo akaanza kurudi nyuma, na Smiley Smile ikatoka imeandikwa kwamba imetayarishwa na bendi nzima, siyo yeye. Studio ikahamishiwa nyumbani kwake Bel Air, chumba chake cha kulala kiko juu, vyombo viko chini. Akijisikia anashuka, asipojisikia hashuki. Lakini akishuka, anashuka na 'Til I Die!

Ila sijaja kubishana hapa. Nimekuja kushtaki. Ameinua sindano. Kwa vidole vile. Katikati ya wimbo. "Mdogo wangu." Mimi nina watoto wawili!

---

Siti ya Mbele: Nimeshakaa. Karanga zinapita lini?

Bwana Kinanda: Pole mkuu, ila kwani kadanganya? Albamu ya 20/20 ya 1969, picha ya mbele wenzake wote wapo, yeye hayupo. Mwenye bendi anakosekana kwenye picha ya bendi yake.

Mtoa mada: FUNGUA JALADA. Ndani yupo, kajificha nyuma ya lile bango la herufi la kupimia macho. Yupo! Huyo bwana angejuaje wakati kila jalada akilishika linabaki na alama ya mafuta?

Dada Mpole: Kwa hiyo ushahidi wako kwamba mtu alikuwepo ni kwamba alijificha. Sawa wakili msomi.

Kipaza Sauti: 😂😂😂 wakili msomi

Mzee Redio: Vijana, sikilizeni albamu ya Friends ya 1968 kabla ya kurushiana maneno. Kuna Busy Doin' Nothin', wa Brian huo. Mtu kajifungia ndani, hataki wageni, halafu ndani ya wimbo anaelekeza njia ya kufika kwake, kona kwa kona. Mimi bodaboda nikimwelekeza hivyo bado anapotea.

Siti ya Mbele: Mzee, kwako ni kwa kupotea tu, hata tukiwa na ramani.

Chumvi Nyingi: Hii chai. Mchoma mishikaki gani anaacha kupepea moto kwa ajili ya wazungu wa surfing? Nyama ingeungua.

Mtoa mada: Iliungua. Na yeye ndiye aliyeila, ndiyo maana vidole vilikuwa vile.

Kusini Damu: Wote mnasahau Holland ya 1973. Bendi imesafirisha mitambo ya studio kutoka California mpaka Uholanzi, gharama za kufa mtu, wakamaliza albamu, kampuni ikaikataa: haina wimbo wa kuuza. Ndipo ikaingizwa Sail On, Sailor, mkono wa Brian umo. Na sauti ile ni ya nani? Blondie Chaplin, kijana wa Durban. Mwafrika kaokoa jahazi, nyie mnalia sindano.

Dada Mpole: Durban na wewe wa Ilala mnahusianaje?

Kusini Damu: Wivu utakuua.

Bwana Kinanda: Tuongee ukweli. 1976 walitangaza dunia nzima kwamba Brian karudi, tukapewa 15 Big Ones, nyimbo za kurudia za watu wengine kibao. Mwaka uliofuata, 1977, ndiyo akatoa Love You, karibu zote katunga yeye, sinthesaiza yeye, ngoma yeye. Mwaka mmoja baadaye, M.I.U. Album, kapewa cheo cha mtayarishaji mtendaji wakati kazi kaisimamia Al Jardine wa bendi hiyo na mwenzake. Hicho ni cheo cha mlezi wa kamati ya harusi: jina liko kwenye kadi, kwenye vikao humwoni. Sasa mtu akisema "alihusika" au "hakuhusika", mimi namuuliza: mwaka gani?

Mtoa mada: HAYO NDIYO NILITAKA KUMWAMBIA ila nilikuwa natazama sindano yangu ikikwaruza.

Kipaza Sauti: Ilikwaruza? Mwanzo ulisema iliinuliwa.

Mtoa mada: Iliinuliwa IKIKWARUZA. Nyie mko upande gani?

Chumvi Nyingi: Chai imeongezwa tangawizi.

Dansi Halisi: Wazungu wana subira. Hapa kwetu mtunzi akichoka hajifungii chumbani, anahama bendi. Mbaraka Mwinshehe kaondoka Morogoro Jazz, 1973 kaanzisha Super Volcano, kwisha habari, mashabiki wakajigawa. Hao wenzetu albamu ya kwanza kutoka bila Brian kabisa ni Summer in Paradise, 1992! Yaani miaka yote hiyo wanambembeleza ashuke ngazi.

Mzee Redio: Uliisikiliza hiyo Summer in Paradise?

Dansi Halisi: Nusu.

Mzee Redio: Basi unajua kwa nini walikuwa wanambembeleza.

Mama Kaseti: Na 2012 walipopatana, That's Why God Made the Radio mtayarishaji ni Brian huyo huyo "aliyelala". Ziara ikaisha, mwimbaji mwenzake Mike Love akaendelea na jina la bendi bila yeye. Mzee kafariki Juni 2025 ana miaka 82, mwacheni apumzike na nyie mmeze mishikaki yenu.

Siti ya Mbele: Sasa hapo ndiyo kalala kweli.

Mama Kaseti: Wewe hufai kabisa.

Dada Mpole: Mtoa mada, swali dogo. Kokomo ilipowekwa, wewe ulifanya nini?

Mtoa mada: Nilisimama.

Dada Mpole: Kuondoka?

Mtoa mada: Nilisimama tu.

Kipaza Sauti: Huyu ndiye aliyecheza 😂😂

Mtoa mada: SIKUCHEZA. Nilikuwa natafuta viatu.

Tarumbeta: Bwana Kinanda umesema mlezi wa kamati umenitonesha kidonda. Jumamosi iliyopita tumemlipa MC pesa yote kabla, tumempa orodha ya nyimbo imechapishwa, bibi harusi anaingia ukumbini, MC anapiga wimbo wa matangazo ya sabuni. Bibi harusi kasimama mlangoni na shela lake kama dakika tatu. Mama mkwe anadhani ni utaratibu mpya, anapiga vigelegele.

Mama Kaseti: Afadhali wewe sabuni. Sisi DJ alipiga wimbo wa msiba wakati wa kukata keki. Shangazi yangu akaanza kulia, ikabidi na sisi tumsindikize.

Chumvi Nyingi: Hizo sasa ndizo habari. Tupe picha ya shangazi.

Mtoa mada: Wakuu mada ni SINDANO.

Kusini Damu: Mkuu subiri kidogo. Tarumbeta, huyo MC ana meno ya dhahabu upande wa kushoto?

Tarumbeta: Umemjuaje???

Kusini Damu: Kapiga na ya dada yangu. Alifika saa nne usiku, bwana harusi kashavua tai, akaomba kwanza sahani ya pilau.

Mama Kaseti: Anzisheni uzi wake huyo, tuchangie.

Dada Mpole: Tarumbeta, kabla hujaanzisha uzi, mchango wa harusi ile uliahidi laki moja, mhasibu mimi. Umetoa elfu ishirini. Nakuulizia hapa hapa kwa sababu simu hupokei.

Tarumbeta: Njoo PM.

Dada Mpole: Siji PM. Themanini iko wapi?