Mwanza: kodi imepanda mlimani, majitaka yanashindwaje kushuka?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, atakayekuja na "pole mkuu" apite kushoto. Mvua imepiga usiku na asubuhi hii Mabatini nzima inanuka. Anayekaa huku haulizi ni nini. Wenzetu wa juu wametapisha vyoo.

Kwa mlio mbali na mji huu: Mwanza ni mawe. Mnaipenda kwenye picha, Jiwe la Bismarck na jua linazama ziwani, safi kabisa. Sasa jaribu kuchimba choo Igogo juu, au Isamilo ukishapita zile nyumba za wenye nazo. Unachimba futi chache, sululu inatoa cheche. Kwa hiyo watu wanainua shimo kwa mawe na saruji juu ya ardhi, wanaacha tundu upande wa bondeni, wanaliziba kwa matambara na jiwe. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka halifiki, maana njia ni ngazi za mawe ambazo hata jeneza linateremshwa kwa kupokezana. Kinachobaki ni kusubiri mvua. Ikishika sawasawa, usiku, mtu anatoka na koti lake, anazibua tundu, anarudi kulala.

Mzigo unashuka kwenye vichochoro, unaingia mitaroni, mtaro umejaa chupa za plastiki unafurika, na sisi wa bondeni tunafagia mavi sebuleni. Unaobaki unakwenda Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria. Ziwa lile lile tunalovutia maji ya bomba. Najua maji yanasafishwa kabla hayajafika kwetu, msije kunifundisha. Lakini kuna watu wanachota ziwani moja kwa moja kwa ndoo, na watoto wanaoga huko huko.

Kipindupindu kikitajwa ndipo tunaonekana. Gari la matangazo linazunguka: nawa mikono, chemsha maji, funika chakula. Mama ntilie wanafungiwa, wauza mchicha wa kando ya mto wanafukuzwa na kusomewa Sheria ya Mazingira ya 2004, kwamba ndani ya mita 60 za mto usifanye shughuli. Mchicha umewekewa mita 60. Kinachomwagwa kutoka mlimani hakina mita?

Mwanzoni nilikuwa upande wa wale wanaosema wa mlimani wakamatwe, wapigwe faini. Bado nasema anayezibua choo juu ya kichwa cha jirani yake ana roho mbaya. Ila tuseme ukweli, wale ni akina nani? Ndio wanaomenya sangara kwenye viwanda vya minofu, ndio makuli wa Mwaloni Kirumba wanaobeba magunia ya dagaa alfajiri, ndio vibarua wa viwanda vya Nyakato. Ujira wa kibarua haununui kiwanja kilichopimwa Kiseke wala Buswelu, na ukipata huko, nauli ya daladala kwenda na kurudi inakula mboga. Mlimani ni karibu na kazi, unashuka kwa miguu. Na msiniambie walivamia. Mauziano yaliandikwa, serikali ya mtaa ikagonga muhuri na kuchukua asilimia yake. Muhuri ule haukuona mawe?

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka. Nyumba ile ya juu kabisa, ile unayojiuliza matofali yalipandaje, ina mita ya umeme. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kila mwezi. Mwenye nyumba akinunua umeme hana pa kujificha, inakatwa mwambani kama inavyokatwa bondeni. 2022 karani wa sensa alipanda mpaka huko akahesabu watu. Mwaka huo huo vibao vya anwani za makazi vikapanda, nyumba ikapewa namba na mtaa ukapewa jina. Wagombea kila baada ya miaka mitano wanapanda, tena na spika na jenereta begani.

Kwa hiyo nguzo imepanda, kodi imepanda, kibao kimepanda, mgombea amepanda. Majitaka ndiyo pekee ambayo hayahitaji kupanda! Yanataka kushuka tu, na yanashuka yenyewe kila mvua, hayajawahi kuomba bajeti. Kinachotakiwa ni bomba la kuyapokea.

Na wala sidai maajabu. Mji huu huu kuna nyumba za mlimani zilizounganishwa na mabomba madogo yanayopita katikati ya mawe, kaya kadhaa zinachangia laini moja mpaka bomba kubwa la chini. Hakuna pampu. Teknolojia ipo, mafundi wapo, mabomba yanaonekana kwa macho. Lakini ukienda kuulizia mtaa wako utaunganishwa lini, unaambiwa "mradi ulikuwa wa awamu". Awamu ya nani? Anayefuata ni nani? Nimeuliza dirishani pale mamlaka ya maji nikaelekezwa ofisi nyingine, ile nyingine ikanirudisha dirisha la kwanza. Dada wa pale alinijibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake.

Halafu nasikia tunajisifu daraja la Kigongo–Busisi na reli ya kisasa inayokuja kutoka Isaka. Vizuri, sipingi, kivuko kilitutesa sana. Lakini tukiweza kuvuka ziwa kwa kilomita tatu za zege, msiniambie mita mia tatu za bomba la plastiki kushuka Mabatini ni mtihani.

Masika bado haijaisha, na usiku wa leo wingu limekaa vibaya upande wa ziwa.

Sitaki siasa kwenye uzi huu, wa vyama mna sehemu zenu. Nataka watu wa Igogo, Kilimahewa, Isamilo mliounganishwa tayari mseme: fomu mlichukua wapi, kaya moja ilichangia shilingi ngapi, na nani alisimamia, mtaa au kata? Wapangaji pia mnaruhusiwa kuomba au lazima mwenye nyumba? Mkijibu hayo, Jumamosi naitisha kikao cha wajumbe wa mtaa, wa juu na wa chini pamoja, twende dirishani watu hamsini.