Mrejesho: kamera na joto la njia ya Marafa

Jamani, nimerudi. Niliuliza nitabebaje kamera kwa pikipiki kutoka Malindi hadi Marafa, maana boksi langu jeusi la nyuma lilikuwa tanuri. Aliyeniambia nilifunike kwa shuka nyeupe, na ndani nizungushie kamera kipande cha godoro, Mungu akubariki: nilipoishika haikuwa ya moto. Chupa ya barafu niliyoiweka humo pamoja na kamera ndiyo iliyoniponza. Nilipoitoa tu kamera, lenzi ikatanda mvuke. Nikakaa chini ya mwembe karibu nusu saa nikingoja ikauke, na jua la jioni kwenye yale magenge mekundu ya korongo la Marafa likanipita. Barafu basi! Vumbi bado linapenya kwenye zipu ya mkoba, hilo sijalipatia dawa. Asanteni sana.