Mkaa shambani: nani aweke, nani aache?

Wakulima wenzangu, siku hizi tunashauriwa hivi: saga mkaa, changanya na udongo, mavuno yatapanda popote ulipo. Mfano unaotolewa ni ule udongo mweusi wa Amazon, Amerika Kusini, ambao wenyeji waliutengeneza karne nyingi kabla ya Wareno kufika, na mpaka leo una rutuba kuliko udongo ulio kando yake. Mimi napinga hilo neno "popote".

Amazon hawakutia mkaa peke yake. Udongo ule una mifupa, mabaki ya samaki, vinyesi, hata vigae vya vyungu. Mkaa ulishika chakula cha mmea. Wenyewe haukuwa chakula. Ukitia mkaa mtupu, unaweza kufyonza naitrojeni, na mahindi yakageuka manjano msimu huohuo.

Halafu kuna suala la udongo wenyewe. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha majaribio ya nchi nyingi: kwenye ukanda wa joto mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25, lakini kwenye nchi za baridi kidogo, kama za Ulaya, kwa wastani hayakupanda. Udongo mwingi wa kwetu umeoshwa na mvua kwa muda mrefu, una asidi na haushiki mbolea. Mkaa hupunguza asidi kama chokaa. Kule Ulaya wametia chokaa na mbolea miaka mingi, kwa hiyo mkaa hauna pengo la kuziba. Basi kwa Kakamega au Kagera naunga mkono. Mwenye shamba la magadi apime udongo kwanza, maana udongo wake hauna asidi ya kupunguzwa, na mkaa unaweza kumzidishia tatizo alilonalo.

Linaloniuma zaidi ni miti. Kiasi cha kawaida katika majaribio hayo kilikuwa tani 15 kwa hekta, yaani tani 6 kwa ekari. Tanuri letu la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni. Ekari moja itakula tani 30 za miti, au zaidi! Hapana, hilo silikubali.

Sisi tunachoma magunzi. Unachimba shimo pana juu, jembamba chini, unawasha kwa juu. Magunzi yakianza kuvaa jivu jeupe, unaongeza mengine juu yake. Mwishoni unayamwagia maji mengi kabla hayajawa jivu. Tunayaponda kwa mchi, tunayaloweka kwenye mkojo wa ng'ombe wiki mbili, kisha tunatia konzi moja kwenye kila shimo la mbegu, hatumwagi shamba zima.

Mpinzani wangu mkubwa ni mama. Anasema magunzi hayo ndiyo kuni zake za jioni, na nikiyamaliza atanunua mkaa wa miti ileile ninayoitetea. Bado sijamjibu. Huko kwenu, magunzi na maganda ya mpunga huishia wapi?