Riwaya ya upelelezi ya Krismasi imenichezea shere: kila dalili niliyoikamata ilikuwa kosa la mwandishi

Wakuu, nimemaliza kitabu saa nane usiku, usingizi umegoma kwa hasira, kwa hiyo naandika. Natahadharisha mapema: nitamtaja muuaji na nitaeleza mwisho wote. Anayetaka kukisoma mwenyewe aishie hapa. Jina la kitabu silitaji, maana sitaki kumharibia mtu biashara. Nataka kusema nilichotendewa mimi msomaji.

Mimi ni mraibu wa zile riwaya za upelelezi zisizo na damu nyingi. Mnazijua: mji mdogo, watu wote wanajuana, anauawa mtu ambaye nusu ya mji ilikuwa haimpendi, na anayemsaka muuaji si polisi, ni mwenye duka la vitabu au mpika keki. Desemba ikikaribia hutoka za Krismasi, zenye theluji na kwaya, na mimi sipitwi. Hii ilinivuta kwa jambo moja: mpelelezi wake ni muumini wa Wicca (dini ya kipagani yenye ibada za uchawi), mama mwenye duka la mitishamba katika mji mdogo wa Marekani. Dini hiyo si yangu, ila nimesoma habari zake kwa miaka. Nikajisemea, huyu mama ataona vitu ambavyo polisi hawezi kuviona hata akivikanyaga.

Kwa wasioijua, nianze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinatukwamisha. Ukimwita mama huyu "mchawi", msomaji wetu anasikia mtu wa husuda, mtu wa kuroga. Kwetu anayetibu ni mganga, mchawi ni wa kudhuru tu. Wenyewe wengi hulikubali jina hilo la uchawi, lakini nguzo ya maadili yao inasema ufanye utakalo mradi usimdhuru yeyote. Shetani hayumo katika imani yao. Wanaadhimisha Mungu wa kike na Mungu mwenye pembe, mwaka wao una sikukuu nane, na ya Desemba inaitwa Yule (inaandikwa kama "yule" yetu, msichanganye), sikukuu ya usiku mrefu kuliko yote, jua linapozaliwa upya.

Sasa kisa.

Ukurasa wa 61. Kiongozi wa kwaya anakutwa amechomwa kisu nyuma ya ukumbi wa sherehe. Kisu ni cha mama yetu: mpini mweusi, makali pande mbili, kisu cha ibada kinachoitwa athame. Polisi anakiinua ndani ya mfuko wa plastiki, na mwandishi anatusogeza karibu kabisa tukione. Pale bapa linapokutana na mpini kuna utomvu uliokauka, na umenasa kijipande cha jani la holi, ule mti wa majani ya miiba na vitunda vyekundu wanaoupambia Krismasi. Polisi anauliza huu utomvu umetoka wapi. Mama anajibu kwamba asubuhi ile alikitumia kukata matawi ya kupamba mlango wake.

Niliposoma hapo niliinuka kitandani. Kwa mapokeo ya Wicca athame haikati kitu. Kazi yake ni kuelekeza nguvu na kuchora duara la ibada, na wengi huiacha butu makusudi. Cha kukatia mimea ni kisu kingine kabisa, chenye mpini mweupe, kinaitwa bolini. Muumini wa miaka ishirini kukata holi kwa athame ni jambo ambalo halisemeki kwa uzembe. Kwa hiyo nikajua: mama anadanganya. Kuna mtu asiyeijua dini hii ameiba kisu kisicho sahihi, akakipaka utomvu kionekane kilikuwa kazini, na mama amemtambua na anambebea uongo. Nikachukua penseli nikaweka alama pembeni. Nikasema leo nimekutana na fundi.

Ukurasa wa 94. Anatokea mzee mmoja, mtunza historia wa mji, na Kitabu cha Vivuli, lile daftari ambalo Wicca huandikia ibada zao. Anasema kiliandikwa mwaka 1692 na bibi mkuu wa mpelelezi wetu, ambaye alichomwa moto Salem, ule mji wa Marekani uliosifika kwa kesi za uchawi. Marehemu alikuwa mbioni kukinunua kwa pesa nyingi.

Penseli tena! Salem mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Hakuna hata mmoja aliyechomwa moto. Na Wicca yenyewe ilijitokeza hadharani Uingereza katika miaka ya 1950. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoitangaza dini hiyo kwa watu. Hilo jina la Kitabu cha Vivuli limetoka katika duru za Gardner huyo huyo. Daftari la 1692 lenye jina hilo jaladani ni la kughushi, kesi imekwisha. Nikapata na sababu ya mauaji: marehemu aligundua ameuziwa mbuzi kwenye gunia, mzee akamnyamazisha.

Ukurasa wa 118. Anakufa mtu wa pili, mwoka mikate. Daktari wa mji anatangaza bila kusitasita kwamba ameuawa kwa chai ya majani ya poinsetia, lile ua jekundu la Krismasi. Nikapigia mstari mara mbili. Poinsetia haiui mtu hivyo. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi, ukila majani tumbo linaweza kukuchafuka, lakini kwamba kikombe kimoja kimlaze mtu mzima chini ni uvumi wa zamani tu. Mama yetu anauza mitishamba, hawezi kukosa kulijua hilo. Daktari kasema uongo mbele ya mtu pekee mjini mwenye uwezo wa kumuumbua, na mama kanyamaza. Picha ikanikamilikia: mzee na daktari wako pamoja, na mama anajua, anasubiri kuwanasa siku ya sikukuu.

Kurasa 180 zilizofuata nilizisoma kama mtu aliyeshikilia tiketi ya bahati nasibu yenye namba zote.

Mnajua muuaji ni nani? Mpiga kinanda wa kanisa. Hana uhusiano na kisu, hana uhusiano na daftari, hana uhusiano na ua. Na amejulikanaje? Mama amewasha mishumaa usiku wa tarehe 24, ameingia ndotoni, marehemu amemjia akamtajia jina. Asubuhi anamwambia polisi, polisi anakwenda, mpiga kinanda anakiri papo hapo huku analia. Kwaya inaimba. Mwisho.

Kisu? Mwandishi alikuwa hajui athame haikati. Daftari la 1692? Anaamini ni la kweli, na mwisho wa kitabu linawekwa kwenye kabati la kioo kwa heshima zote. Daktari? Mtu mwema kabisa. Mwandishi naye anaamini poinsetia inaua.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na naomba nieleweke. Riwaya ya mapenzi ikikosea tarehe, unaguna unaendelea. Kwenye riwaya ya upelelezi kosa la mwandishi na dalili halali vinafanana sura. Kazi yangu mimi msomaji ni kuangalia kitu kisichokaa sawa na kujiuliza kwa nini hakikai sawa. Mwandishi akinijazia kitabu vitu visivyokaa sawa kwa sababu tu hakusoma, ananiadhibu kwa kuwa makini. Msomaji asiyejua lolote kuhusu Wicca atakifurahia kuliko mimi, wakati kinajinadi jaladani kuwa ni cha Wicca! Nimelipwa ubaya kwa kujali.

Na hiyo ndoto. Waandishi wa riwaya za upelelezi walishalimaliza jambo hili karibu miaka mia iliyopita. Mmoja wao, S. S. Van Dine wa Marekani, aliandika kanuni zake 20 za riwaya ya upelelezi mwaka 1928, akapiga marufuku kumpata muuaji kwa kuita mizimu, kutazama tufe la kioo na mambo ya namna hiyo. Mwaka uliofuata mwenzake Mwingereza Ronald Knox, ambaye alikuwa padri na kwa hiyo si mtu wa kudharau mambo ya roho, akaweka amri zake kumi, na ya pili inafuta nguvu zote zisizo za kawaida. Detection Club ya London, chama cha waandishi wa riwaya hizi kilichoundwa mwaka 1930, ikawaapisha wanachama kwamba wapelelezi wao watatumia akili waliyopewa, bila kuegemea ufunuo. Si kwamba watu hao waliichukia dini. Mzimu ukishataja jina, mimi nilikuwa natafuta nini kurasa zote zile?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dini hii imejaa dalili halali, zinaokotwa tu. Kisu cheusi na kisu cheupe peke yake kinatosha kubeba riwaya nzima. Au chukueni tarehe. Kwenye kitabu hiki Yule inaadhimishwa tarehe 24, ili mishumaa iwake sambamba na kengele za Krismasi. Yule hufuata jua, huangukia kwa kawaida tarehe 21 au 22. Tena hapo pana utamu: mwaka 2023 jua lilifika kituo chake cha kusini kabisa saa tisa na dakika 27 usiku wa kuamkia tarehe 22 kwa saa za London, na sekunde hiyo hiyo New York ilikuwa saa nne na dakika 27 usiku wa tarehe 21. Mtu anayedai alikuwa kwenye ibada "usiku wa Yule" aulizwe alihesabu kwa saa za wapi. Anayeigiza uumini atakwama hapo hapo. Hiyo ingekuwa kesi safi, ya akili, na ingetoka ndani ya imani ya mama badala ya kubandikwa juu yake.

Hata sumu ziko tele. Mwandishi angetaka mmea wa kweli, kuna digitali, ambayo daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake tangu 1785, dawa ya moyo inayogeuka sumu kipimo kikizidi. Agatha Christie, mwandishi mashuhuri wa riwaya za upelelezi, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo maana ukisoma sumu zake unaamini. Simwambii kila mwandishi akafanye kazi hospitali. Namwambia afungue kitabu kimoja cha mimea.

Nyongeza: kuna mdau hapo chini amesema ni hadithi ya kujipumzisha, nisiichukulie kama mtihani. Ndugu yangu, mimi hupumzika hivyo. Kukaa na penseli na kumkamata mwandishi kabla hajajifichua ndiyo raha yangu ya Desemba, na mwandishi aliyeweka maiti mbele yangu na kuniuliza nani kaua ndiye aliyenialika kwenye mchezo huo.

Mwingine amesema hao Wicca ni wachache, nani atajua. Wapo, na wanasoma. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilikubali nyota yao ndani ya duara ichongwe kwenye mawe ya makaburi ya wanajeshi, baada ya familia kupigania haki hiyo kwa miaka. Ni watu wenye maiti za kweli na makaburi ya kweli. Katika kitabu hiki mji mzima unamtuhumu mama kwamba anamwabudu Shetani, na kurasa 300 nzima hapewi hata sentensi moja ya kuwajibu. Wanampa watoto wao awapigie picha na mti wa Krismasi, basi, yamekwisha. Mchawi mpe mwana alee, sawa, lakini angalau muacheni aseme yeye ni nani.

Nimewaandikia wachapishaji barua ya kurasa mbili. Nimewaorodheshea kisu, daftari, ua na tarehe, kila kimoja na ukurasa wake. Hawajajibu, ni siku ya tatu leo.

Ombi langu kwenu ni mawili. Anayejua riwaya ambayo mpelelezi wa imani hii anakamata muuaji kwa kile anachokijua, bila ndoto wala karata za taroti (zile za kupigia ramli), anitajie. Na kama kuna aliyenunua chapa mpya ya kitabu hiki (ameshakitambua, najua), afungue ukurasa wa 61 aniambie kama ule utomvu bado uko kwenye kisu cheusi.