Tunda la mwegea: ni la posa au la msiba?

Shangazi wa Bahati, Nakuru

Salamu, wanajukwaa. Mtoto wa kaka yangu anamposa binti Mjaluo wa Siaya, na wazee wetu Wakikuyu wanajiandaa kupeleka muratina kwa wakwe. Pombe hiyo huchachushwa kwa matunda makavu ya mwegea, mti ambao wengine huuita mvungunya, na mzee mmoja anashikilia kwamba matunda yenyewe nayo yapelekwe ili wakwe wayaone. Jirani yangu Mjaluo aliposikia hivyo alishtuka, akaniambia kwamba kwao tunda hilo huzikwa. Naomba kuelezwa maana yake, na kama tutakuwa tumewakosea adabu.

Mkaazi wa Nyalenda, Kisumu

Shangazi, jirani yako amesema kweli. Sisi tunauita mti huo yago. Mtu akizama ziwani asionekane, au akifia mbali na mwili wake usipatikane, jamaa huchuma tunda la yago wakalizika bomani kwake kwa niaba yake, na kilio kikawa kile kile ambacho angeliliwa yeye. Bila mazishi hayo inaaminika kwamba roho hutangatanga na kuwasumbua walio hai, na mkewe hubaki njia panda, kwani si mke wala si mjane. Nadhani hata umbo la tunda lina sehemu yake, maana linaweza kupita nusu mita kwa urefu na kuwa na uzito wa kilo kadhaa, hivyo wanaolibeba kuelekea kaburini hawabebi kitu chepesi. Kwa mzee aliyewahi kumzika ndugu yake kwa njia hiyo, kuliona tunda hilo mezani siku ya posa kunaweza kumchoma moyo, hata kama hatasema neno.

Mwana wa Busia

Naheshimu maelezo hayo, lakini naona hofu imezidi. Katika baadhi ya familia za Kiluhya, mwili usipopatikana huzikwa shina la mgomba, na bado sijamwona Mluhya aliyesusia ndizi kwenye karamu ya harusi. Kinacholifanya tunda au shina kuwa maiti ni kaburi lililochimbwa na jina la marehemu linalotajwa juu yake; pasipo hayo, yago ni tunda lililoning'inia mtini, ambalo likiwa bichi ni sumu na halimfai mtu kula. Hata hivyo, ugeni una adabu zake, kwa hiyo mshenga aulizwe kabla ya safari.

Mzee wa Njoro

Mwanangu wa Busia amenitangulia. Niongeze tu habari za utengenezaji, kwa sababu naona ndizo zitakazomaliza shauri hili. Tunda hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa, kisha hutiwa katika maji yaliyochanganywa na asali au maji ya miwa, na chombo huwekwa mahali penye joto hadi kichachuke. Hamira hukaa ndani ya nyuzi za tunda, ndiyo maana likishatumika huoshwa, huanikwa na kuwekwa hadi pombe nyingine, na lililozoea kazi huthaminiwa kuliko jipya. Kwetu ni tunda la makubaliano: posa haikamiliki wazee wasipoonja, na kabla ya kuonja humwaga kidogo chini kwa ajili ya mababu, kwa hiyo hata sisi, tukisema kweli, hatunywi bila kuwakumbuka waliofariki. Lakini kinachopelekwa kwa wakwe ni pombe iliyochujwa. Matunda hubaki nyumbani kwa mwenye kuyatunza, na huyo mzee wenu anayetaka yasafiri hadi Siaya aulizwe desturi hiyo ameitoa wapi.

Shangazi wa Bahati, Nakuru

Nashukuru sana, wazee wangu. Tutaichuja hapa Bahati, na mshenga ataelezwa mapema imechachushwa kwa tunda gani, ili atakayependa kuonja aonje na asiyependa apewe chai.